Kuondoa Madoa ya Boti ya Faiba Bila Kuichubua

Doa likionekana kwenye boti ya faiba, mkono hukimbilia kusugua. Mtu huanza na brashi ngumu, akishindwa anachukua unga wa kusafishia masinki, akishindwa tena anatafuta msasa. Doa linatoka, kweli. Lakini pale lilipokuwa panabaki pamepauka, hapana mng'ao, na wiki chache baadaye pameshika uchafu kuliko mwanzo. Nimeona boti zilizoharibiwa zaidi na usafi kuliko na madoa yenyewe. Ndiyo maana hapa tutaanza na kulitambua doa, kisha dawa yake, na msasa tutauacha mpaka pasiwe na njia nyingine.

Ngozi yenyewe ni nyembamba kiasi gani

Sehemu inayong'aa ya boti ya faiba si rangi iliyopakwa juu kama ya gari. Inaitwa jelikoti, nayo ni rezini ya poliesta iliyochanganywa na rangi. Kiwandani hupuliziwa ndani ya kalibu kwanza, halafu matabaka ya nyuzi za kioo na rezini hulazwa nyuma yake. Boti ikitolewa kwenye kalibu, jelikoti ndiyo inayotazama nje.

Unene wake kwa kawaida ni karibu nusu milimita. Kila ukipitisha msasa au kompaundi (dawa nzito ya kung'arishia yenye chembe za kukwaruza) unapunguza kidogo, na kilichopungua hakirudi. Kwenye pembe na mikunjo huwa nyembamba zaidi, na mashine ya polishi hupenda kula hapo hapo.

Jambo la pili la kujua: jelikoti ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa jicho. Ikiwa na nta, vitundu vimezibwa na uchafu unakaa juu juu. Nta ikiisha, jua huanza kuivunjavunja rezini, vitundu vinafunguka, na kila kilichomo majini kinapata pa kujificha. Doa lililozama humo huwezi kulifikia kwa kusugua, labda uichonge ngozi mpaka ulikute. Dawa ya maji inaingia yenyewe na kulitoa.

Lisome doa kabla hujaligusa

Simama mbali kidogo uitazame boti nzima kuanzia omo hadi tezi. Mahali doa lilipo panakueleza nusu ya habari.

Utepe wa njano au kahawia unaofuata mstari wa maji, mzito zaidi pale omo kama masharubu, unatokana na maji yenyewe: rangi ya majani yaliyooza, madini ya chuma, na mwani. Hili ndilo doa la kawaida kuliko yote, na watu wengi hulichukulia kama rangi iliyozeeka. Si uzee. Linatoka lote.

Mchirizi wa rangi ya chungwa unaoteremka kutoka kwenye bolti, kishikio au nguzo ya chuma ni kutu. Michirizi myeusi inayoanzia kwenye ukingo wa sitaha, dirisha au mpira ni vumbi na uchafu ulioteremshwa na mvua. Vitone vyeusi kwenye pembe zenye kivuli na unyevu ni ukungu. Weusi wenye mafuta nyuma, karibu na bomba la moshi, ni masizi. Duara za kijivu zenye ukingo mgumu chini ya mstari wa maji ni mabaki ya wale viumbe wa magamba wanaojigandisha kwenye vyombo. Ukikwangua kwa ukucha zinatoa unga wa chokaa.

Halafu pana kupauka, ambako si doa kabisa. Pitisha kidole kikavu, au kitambaa cheusi, juu ya sehemu iliyofifia. Kikirudi na unga mweupe kama wa chaki, hiyo ni jelikoti yenyewe iliyochakazwa na jua. Hakuna dawa ya madoa itakayoirudisha, kwa sababu hakuna kitu cha kuondoa isipokuwa hiyo ngozi iliyokufa.

Mambo matatu usiyaguse kwa dawa yoyote mpaka uyachunguze. La kwanza ni malengelenge chini ya mstari wa maji, hasa yakitobolewa na kutoa maji yenye harufu kali kama siki: hapo maji yameshaingia ndani ya faiba, na kazi yake ni ya ukarabati. La pili ni nyufa nyembamba zinazosambaa kama utando wa buibui. Uchafu umeingia ndani ya ufa na ukimwaga asidi humo unaongeza tabu. La tatu ni sehemu inayoanza kuonyesha kivuli cheusi au alama za nyuzi kwa chini. Hapo jelikoti imekwisha.

Osha kwanza, tena osha vizuri

Pandisha boti nchi kavu, mahali penye kivuli, na usianze mpaka mwili wake upoe. Dawa ikimwagwa kwenye faiba iliyopigwa na jua hukauka kabla haijafanya kazi na huacha alama zake yenyewe.

Mwagia maji baridi uteremshe chumvi na mchanga. Chembe za mchanga zikibaki kwenye sponji, kila mkono unaopitisha unachora mikwaruzo. Kisha osha kwa maji ya sabuni ukianzia chini kwenda juu. Watu hulishangaa hili. Sababu ni kwamba sabuni ikiteremka juu ya sehemu kavu na chafu hukata njia nyeupe ambazo baadaye ni shida kuzifuta. Ikiteremka juu ya sehemu iliyokwisha kuloa haifanyi kitu. Kusuuza ndiko kunakoanzia juu.

Mara hii sabuni ya vyombo inafaa, kwa sababu inaondoa na nta ya zamani, ambayo ingeizuia dawa isifike kwenye doa. Kwa uoshaji wa kila siku usiitumie, kwa sababu hiyo hiyo.

Ikishakauka, futa sehemu yenye doa kwa kitambaa kilichotiwa asetoni kidogo ili kutoa mabaki ya nta na mafuta. Asetoni inashika moto haraka sana, hata mvuke wake. Hakikisha pana hewa, hapana cheche wala sigara. Usiipeleke karibu na madirisha ya plastiki, kwani huyapasua nyufa ndogo ndogo na kuyatia ukungu usiofutika. Na kama boti yako ilishapakwa rangi juu ya jelikoti, jaribu mahali pa kificho kwanza, maana rangi nyingine hulainika.

Asidi ya oksaliki: kazi kubwa iko hapa

Kwa masharubu ya omo, utepe wa mstari wa maji na kutu, dawa ni moja: asidi ya oksaliki. Huuzwa kama chembechembe nyeupe zinazofanana na chumvi au sukari, na pia ndiyo iliyomo kwenye dawa nyingi za kusafishia mwili wa boti. Soma kibandiko, kwa sababu nyingine hutumia asidi ya fosforiki, na nyingine asidi ya haidrokloriki, ambayo ni kali zaidi na hula vyuma.

Kutu haiyeyuki kwenye maji, ndiyo maana sabuni haiitoi. Oksaliki hukamata chuma kilichomo ndani ya kutu na kukigeuza kitu kinachoyeyuka, halafu maji hukisomba. Huhitaji nguvu. Ukijikuta unasugua, ama doa si la kutu, ama hujaipa muda.

Vaa glavu za mpira, miwani ya kujikinga, na nguo za mikono mirefu. Unapochota unga funika pua na mdomo. Asidi hii ni sumu ikimezwa na huharibu figo, kwa hiyo usiichanganyie kwenye chombo cha jikoni wala usiiache kwenye chupa isiyo na kibandiko.

Tia lita moja ya maji ya uvuguvugu kwenye ndoo ya plastiki, kisha nyunyiza gramu 60 za asidi huku ukikoroga kwa kijiti. Asidi huingia kwenye maji. Usimwagie maji juu ya asidi. Kabla ya kuipaka, funika kwa plastiki na tepu sehemu za alumini na chuma chenye zinki, na uitoe boti juu ya trela yake kama trela ni ya zinki, au uilinde vizuri. Sehemu hizo zikipata asidi lowesha kwa maji mengi mara moja.

Tatizo ni kwamba mwili wa boti umesimama wima, na maji haya yanateremka kabla hayajafanya kazi. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuyafanya mazito kwa gundi ya unga ya kubandikia karatasi za ukutani, mpaka yawe kama uji mwepesi, ukapaka kwa brashi. Ya pili, ninayoipenda kwa madoa madogo ya kutu, ni kulowesha karatasi za tishu kwenye asidi, kuzibandika juu ya doa, na kufunika kwa plastiki nyembamba zisikauke.

Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, upana wa kiganja. Subiri dakika 10. Pakiwa salama, endelea, tena kuanzia chini.

Sasa simama utazame, kwa sababu hapa ndipo utajua kama umelisoma doa sawasawa. Kwenye utepe wa mstari wa maji, ndani ya dakika chache ukingo wa doa huanza kupungua kwanza. Kahawia inakuwa njano, njano inakuwa rangi ya maziwa, halafu unatafuta doa lilipokuwa hulioni. Kutu iliyokaa miaka huchelewa. Inafifia katikati lakini inaacha kiini cha chungwa pale ilipoanzia. Paka tena safari ya pili, hata ya tatu. Muda wa dakika 10 hadi 15 kila safari unatosha, na jambo la kulinda ni kwamba isikauke. Ikianza kukauka nyunyizia maji. Ikikaukia hapo, hasa kama maji yako ni magumu, huacha utando mweupe ambao nao ni kazi kuuondoa.

Suuza kwa maji mengi. Kisha koroga vijiko viwili vya magadi ya kuokea keki kwenye ndoo ya maji, pitisha kwa sponji kuua asidi iliyobaki, na usuuze tena. Maji ya kazi hii yasiende moja kwa moja baharini wala ziwani. Yaue kwa magadi kwanza na uyamwage pasipo na mimea na wanyama.

Safari ya tatu ikipita na doa liko pale pale, acha. Hilo si la chuma.

Kutu inatoka wapi?

Kutu ikitoka leo na kurudi baada ya mvua mbili, shida iko kwenye bolti. Chuma kisichoshika kutu hujilinda kwa utando mwembamba sana unaohitaji hewa ili ujirudishe. Maji yakituama chini ya kichwa cha bolti au chini ya bamba, hewa haifiki, utando unakufa, na chuma kinaanza kuoza kwa siri. Mchirizi unaouona nje ni taarifa tu. Fungua kile kifaa, angalia shingo ya bolti kama ina mashimo, badilisha iliyoharibika, safisha tundu, weka silanti mpya, yaani gundi ya kuzibia maji, ndipo ukaze. Silanti iliyopasuka pia inapitisha maji kwenda ndani ya sitaha, na hilo ni tatizo kubwa kuliko doa.

Kuna kutu nyingine inayoletwa na msafishaji mwenyewe. Niliwahi kusugua sitaha nzima kwa waya wa kusugulia masufuria. Jioni ilikuwa nyeupe kabisa. Usiku ukanyesha umande, na asubuhi sitaha ilikuwa na vitone vya chungwa visivyohesabika, kila kimoja ni kipande cha waya kilichokatika na kujikita kwenye faiba. Ilinichukua siku mbili za oksaliki kuvitoa. Tumia sponji ya plastiki au brashi ya nailoni, usilete nyuzi za chuma karibu na boti. Hata ukikata chuma kwa mashine jirani na boti, ifunike: cheche zile hufanya vivyo hivyo.

Madoa mengine, kwa ufupi

Ukungu hufa kwa siki nyeupe au kwa haidrojeni peroksidi ya asilimia 3. Paka, acha dakika 10, piga brashi laini, suuza. Bilichi ya nguo inaua pia, lakini inakula nyuzi za matandiko na kuharibu chuma, na ikitumiwa mara kwa mara inaipausha jelikoti. Wengi hujaribu kutoa kutu kwa bilichi, haitoi. Na hapa nasema kwa uzito wote: bilichi isikutane na asidi, iwe oksaliki, siki au nyingine yoyote. Hutoka gesi ya klorini, na gesi hiyo inaua. Isichanganywe na amonia pia. Ukitumia moja leo, suuza mpaka harufu iishe, na nyingine itumie siku nyingine.

Damu ya samaki: maji baridi, kamwe yasiwe ya moto kwa kuwa joto huigandisha. Ikibaki alama, peroksidi.

Masizi na mafuta: sabuni kali ya kutoa grisi. Yakigoma, kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisha sabuni kuondoa mafuta ya taa yenyewe. Alama nyeusi za matairi ya gatini zinatoka kwa njia hii hii. Zile za njano zinazoachwa na dapra, yale maboya ya pembeni, asetoni hupunguza, lakini zikiwa za zamani plastiki imeshazama ndani na kompaundi tu ndiyo itakayozifikia.

Chokaa ya viumbe wa magamba: kwangua kwa kipande cha plastiki, si kisu. Duara zinazobaki ziloweshe kwa siki kwa kitambaa, saa moja au zaidi, ukiongeza siki kila inapokauka. Inachosha. Dawa za haidrokloriki hufanya kwa dakika, lakini kwa mtu asiye na uzoefu sizipendekezi.

Ile sponji nyeupe inayofuta kila kitu ni nzuri kwa alama za viatu. Ila fahamu kwamba ni msasa laini sana kwa umbo la sponji, na inaondoa nta kila inapopita.

Ngozi iliyopauka: kompaundi, na pengine msasa

Madoa yote yawe yameshatoka kabla ya hatua hii. Ukipiga kompaundi juu ya kutu unaipaka boti nzima.

Zungushia tepu ya karatasi kwenye pembe zote kali, kingo na herufi. Anza na kompaundi laini kwenye kipande cha nusu mita kwa nusu mita. Kwa mkono inawezekana ila mabega yatalia. Mashine inayozunguka na kutikisika kwa pamoja ndiyo salama kwa anayejifunza. Ile ya mzunguko mtupu inakata haraka lakini inaunguza haraka pia. Ukitumia ya mzunguko mtupu, baki kati ya mizunguko 1,000 na 1,500 kwa dakika, ilaze bapa, na isitulie mahali pamoja hata sekunde mbili. Gusa jelikoti kwa kiganja kila mara: uvuguvugu ni sawa, moto si sawa.

Pedi itachukua rangi ya boti. Usiogope, ndiyo ngozi iliyokufa inatoka. Isafishe pedi kila baada ya kipande kimoja, la sivyo unasugua kwa uchafu wako mwenyewe.

Kama kompaundi haikurudisha mng'ao baada ya kupita mara tatu, ndipo msasa wa maji unaporuhusiwa. Jaribu namba 2000 kwanza; namba ikiwa ndogo, msasa ni mkali zaidi. Ukiona haitoshi shuka 1500, kisha 1000, na usiende chini ya hapo. Tia matone ya sabuni kwenye maji, funga msasa kwenye kipande cha mpira, na upitishe bila kukandamiza. Hila moja inayosaidia: chora mistari ya penseli juu ya sehemu nzima kabla ya kuanza. Mistari ikifutika, acha. Ukiendelea unakula bure. Kisha rudi juu namba kwa namba, kila namba ukibadilisha mwelekeo, mpaka mikwaruzo ya namba iliyotangulia isionekane. Maliza kwa kompaundi, halafu polishi.

Boti za bluu iliyokolea na nyekundu hupauka upesi kuliko nyeupe. Ukizipiga msasa mara mbili au tatu katika maisha yao, baada ya hapo fikiria kupaka rangi.

Nta, siku hiyo hiyo

Jelikoti iliyotoka kupigwa iko uchi. Ikilala hivyo wiki moja juani umeanza kupoteza ulichokitafuta. Paka nta nyembamba, isubiri ifanye ukungu, futa kwa kitambaa safi cha nyuzi laini, kisha rudia mara ya pili. Mkono wa kwanza mara nyingi huacha sehemu ulizoruka. Wa pili unazikuta. Nta ya kanauba hudumu miezi michache, zile za polima hudumu zaidi. Mstari wa maji upe mkono wa tatu.

Sitaha yenye vipele vya kuzuia kuteleza usiipake nta. Mtu atateleza na kuumia. Isafishe kwa brashi, ukipitisha pande mbili ili nyuzi zifike katikati ya vipele, basi.

Baada ya mvua ya kwanza, nenda utazame chini ya zile bolti ulizozifungua. Maji yakiwa yamesimama kwa matone ya duara na hapana hata uzi wa chungwa, umezifunga vizuri. Ukiona uzi, fungua hiyo moja tena wakati kutu bado iko juu ya nta, maana kwa sasa inafutika kwa kitambaa kibichi.